Kusi, kaskazi au maleleji: Ni wakati gani wa kupiga mbizi visiwani?

Na Mwandishi Wetu

KILA ifikapo mwezi Julai, hoteli za Nungwi, Kendwa na Matemwe hujaa wageni kutoka Ulaya, bei za vyumba hupanda, na mkazi wa Dar es Salaam aliyekuwa akijiwekea akiba ili naye akajifunze kupiga mbizi huamini kwamba huo ndio wakati bora kuliko nyakati zote za mwaka. Imani hiyo imejengwa juu ya sababu ambayo haihusiani sana na maji: huo ndio wakati shule za Ulaya zinapofungwa, na pia ndio wakati wa kiangazi katika mbuga za wanyama ambako wageni hao huanzia safari zao. Bahari haikuulizwa.

Ukweli ni kwamba Juni na Julai ni miezi ambayo kusi huvuma kwa nguvu kuliko wakati mwingine wowote katika pwani ya Afrika Mashariki. Hii haina maana kwamba haiwezekani kupiga mbizi katika miezi hiyo. Inawezekana, na wengi hufanya hivyo. Lakini atakayefunga safari bila kujua ni upande gani wa kisiwa uliokingwa na upepo, anaweza kulipia siku tano na kuingia majini siku mbili tu, huku siku nyingine tatu akizitumia kuyatazama mawimbi kutoka barazani.

Kupiga mbizi kunakozungumzwa hapa ni kule kwa kutumia mtungi wa hewa mgongoni, miwani na mapezi ya mpira miguuni. (Tumeliepuka kwa makusudi neno “mzamiaji”, kwani mitaani neno hilo limekwisha kuchukuliwa na vijana wanaojificha melini kwenda ughaibuni.) Mchezo huu hupatikana karibu pwani yote ya Tanzania, lakini vituo vingi vya kukodisha vifaa na kutoa mafunzo viko Unguja, Pemba na Mafia. Visiwa hivi vitatu havifanani, na jambo linalovitofautisha zaidi kuliko yote ni namna kila kimoja kinavyopokea upepo.

Wazee wa pwani hawakuhitaji vitabu kulijua jambo hili. Mwaka wao uligawanywa na pepo mbili. Kuanzia Aprili hadi Oktoba huvuma kusi, upepo utokao kusini mashariki. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, utokao kaskazini mashariki. Sababu yake iko mbali na Zanzibar. Wakati bara la Asia linapopata joto kali katikati ya mwaka, hewa yake hupanda juu na kuivuta hewa kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi. Mwishoni mwa mwaka bara hilo hupoa, hewa yake ikawa nzito, na upepo ukageuka kuelekea Afrika. Kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ndiyo iliyoyarudisha makwao. Biashara iliyoujenga Mji Mkongwe ilikwenda kwa saa hiyo hiyo.

Kati ya pepo hizo mbili kuna vipindi vifupi ambavyo upepo huwa haujaamua. Mabaharia huviita maleleji, na wengine husema tanga mbili, kwa kuwa chombo kinaweza kusafiri kuelekea upande wowote. Kipindi kimoja huangukia Oktoba na Novemba, kingine huangukia Machi na mwanzoni mwa Aprili. Kwa mpiga mbizi hapo ndipo ilipo hazina. Bahari hutulia, mchanga uliokuwa ukitibuliwa na mawimbi hutua chini, na boti inaweza kufika kwenye miamba ambayo katika miezi mingine haikaribiki.

Kati ya vipindi hivyo viwili, gazeti hili lingechagua kile cha Oktoba na Novemba. Wakati huo kusi limekwisha kupungua nguvu tangu siku za demani, mvua za vuli ama hazijaanza au zinanyesha kwa manyunyu ya saa moja na kupita, joto la maji limeanza kupanda, na wageni wa Ulaya wamerudi makwao, jambo ambalo huonekana mara moja katika bei ya chumba. Maleleji ya Machi nayo ni mazuri, na maji huwa ya moto zaidi, lakini yana mlango mwembamba. Masika yanaweza kuingia mapema, na yakiingia safari imekwisha.

Tukiitazama kalenda ya sikukuu za taifa kwa jicho hili, tunaona kwamba haikumpendelea mpiga mbizi. Sikukuu nyingi zinazompa mfanyakazi siku mbili tatu za mapumziko zimesongamana Aprili: Pasaka mara nyingi, Siku ya Karume tarehe 7, Muungano tarehe 26, kisha Mei Mosi. Hiyo ndiyo miezi ya masika, ambayo ndiyo mibaya kuliko yote. Sabasaba na Nanenane zinaangukia ndani ya kusi. Iliyobaki ni Siku ya Nyerere, Oktoba 14, ambayo watu wachache huipangia safari, ilhali kwa bahari ndiyo bora kuliko zote. Aidha, anayeifikiria Februari au Machi akumbuke kwamba kwa miaka hii mwezi wa Ramadhani unaangukia humo. Vituo vya kupiga mbizi haviachi kufanya kazi, lakini mwenendo wa miji ya visiwani mchana hubadilika, na mgeni anapaswa kuuheshimu.

Ubaya wa masika si kulowa tu, kwani mpiga mbizi hulowa hata hivyo. Mvua kubwa za Aprili na Mei hujaza mito ya bara, nayo mito humwaga matope baharini. Mafia ndiyo iliyo karibu zaidi na tatizo hilo kwa kuwa inatazamana na delta ya Mto Rufiji. Pemba ndiyo iliyo mbali nalo, kwani mkondo unaoitenga na bara una kina cha mamia ya meta, na maji yake husifiwa kwa uangavu. Wakati wa maleleji, katika kuta za matumbawe za magharibi mwa Pemba, jicho linaweza kuona umbali wa meta 30 hadi 40. Wakati wa masika, katika ghuba za Mafia au karibu na Mji Mkongwe, umbali huo unaweza kushuka hadi meta chache. Ndiyo maana baadhi ya hoteli za ufukweni hufunga milango kabisa katika miezi hiyo na kufanya matengenezo.

Kuna jambo jingine la masika ambalo zamani halikuwa likitajwa sana. Tulizoea kusema kwamba vimbunga havifiki kwetu, kwa sababu viko karibu mno na ikweta kuweza kujizungusha, na kwa kawaida huishia Msumbiji na Madagaska. Kauli hiyo kwa sehemu kubwa bado ni kweli, ingawa kimbunga kilichopiga Lindi mwaka 1952 kilikuwa onyo. Tarehe 4 Mei, 2024, Kimbunga Hidaya kilitua katika Kisiwa cha Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilikuwa imetoa tahadhari siku kadhaa kabla, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Mtu aliyepata chumba kwa nusu bei mwezi Mei alikuwa na sababu ya kujiuliza kwa nini kilikuwa nusu bei.

Turudi kwenye kusi, kwa sababu wengi hawana hiari. Likizo za shule na ruhusa za ofisini huwalazimisha kusafiri Juni hadi Agosti. Kwao swali si mwezi gani, bali ni upande gani.

Kusi likivuma, pwani ya mashariki na kusini mashariki ya Unguja, yaani Paje, Jambiani na jirani zake, hupigwa moja kwa moja. Si ajabu kwamba Paje ndiyo makao ya wale wanaoteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara. Wao wanautafuta upepo ambao mpiga mbizi anaukimbia. Katika miezi hiyo upande wa magharibi ndio wenye kinga. Miamba iliyo karibu na Mji Mkongwe hufikika, na ni mizuri kwa wanaoanza kwa kuwa haina kina kikubwa. Kendwa na Nungwi kwa upande wa magharibi pia hupata nafuu. Mnemba, kisiwa kidogo kilicho mbele ya Matemwe, kiko mashariki, lakini kimezungukwa na mwamba mpana ambao siku zote huwa na upande mmoja uliokingwa, hivyo waongozaji hubadili mahali pa kuzama kufuata upepo. Tabu yake huwa ni kuvuka kwenda na kurudi. Anayechafukwa na bahari ameze dawa kabla ya kupanda boti, si baada.

Kaskazi likivuma, Januari na Februari, hesabu hugeuka. Nungwi na Matemwe, yaani ncha ya kaskazini na mashariki yake, hupata mawimbi hasa alasiri, ilhali kusini mwa kisiwa hutulia. Hata hivyo kaskazi kwa kawaida ni pole kuliko kusi, na safari za asubuhi mara nyingi hufanyika bila shida.

Huko Mafia mambo yamepangwa kwa namna ambayo ni rahisi zaidi kuieleza. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, inajumuisha Ghuba ya Chole, ambayo imezibwa na visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo. Wakati wa kusi wapiga mbizi hubaki ndani ya ghuba na katika mlango wake uitwao Kinasi. Wakati wa utulivu, kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, boti hutoka nje na kufika kwenye kuta zinazotazama bahari kuu. Kwa hiyo Mafia haifungwi na kusi, ila humpa mgeni nusu yake tu. Anayekwenda Agosti na kurudi akilalamika kwamba hakuona kuta za nje hana wa kumlaumu.

Pemba ni suala jingine, na hapa tungependa kuweka tahadhari. Uzuri wa Pemba ni kuta zinazoshuka ghafla hadi kwenye giza, na mikondo inayopita kati ya visiwa vidogo vya magharibi, kama vile Njao na Fundo, ikileta samaki wengi. Mikondo hiyo hiyo ndiyo hatari yake. Katika bahari yetu kuna mkondo mkubwa unaotiririka kuelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo huusukuma na kasi yake yaweza kufikia takriban kilomita 7 kwa saa. Wakati wa kaskazi hukutana na maji yanayoshuka kutoka Somalia na kupungua hadi chini ya kilomita 2 kwa saa. Hakuna binadamu anayeweza kuogelea dhidi ya kasi ile ya kwanza. Kwa sababu hiyo Pemba, na vilevile Fungu la Leven lililo baharini kati ya Unguja na Pemba, ni mahali pa mtu aliyekwisha kuzama mara nyingi, na kwa siku tulivu. Mwanafunzi wa juma la kwanza aanzie kwingine. Kisiwa cha Misali, mkabala na Wesha, kina sehemu tulivu zaidi na kinafaa kwa wasio na uzoefu mkubwa.

Baada ya kuchagua mwezi, kuna uamuzi mdogo ambao wageni wengi kutoka mjini hawaujui kabisa, ingawa kila mvuvi wa Feri anaujua: kuchagua juma. Bahari yetu hupanda na kushuka sana. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufikia karibu meta 4. Maji mengi kiasi hicho yakipita katika mlango mwembamba kama Kinasi, huenda mbio na kuchukua kila kitu kilicho njiani. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, mwendo huo hupungua sana.

Si hivyo tu. Siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne asubuhi, muda ule ule ambao boti hutakiwa kuondoka. Katika pwani ya mashariki ya Unguja, ambako mwamba uko mbali na ufukwe, hiyo ina maana ya kutembea kwa miguu juu ya mwani na mashuke ya matumbawe huku umebeba vifaa. Siku za maji mafu maji huwa yamejaa karibu na saa hizo, na boti husogea hadi mchangani. Tena, katika ghuba kama ya Chole, ni vema kuzama maji yanapojaa, kwa kuwa huleta maji safi kutoka bahari kuu. Yanapokupwa hutoa tope la ghubani na mikokoni. Jedwali la maji kujaa na kupwa hupatikana kwa urahisi, na mwenye kalenda yenye picha za mwezi tayari ana nusu ya jedwali hilo.

Wako wasafiri ambao kwao utulivu na uangavu wa maji si kitu, wanataka kumwona mnyama fulani. Hao wana kalenda yao. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiyemdhuru mtu, huonekana karibu na Kilindoni, Mafia, kati ya Oktoba na Machi, akila uduvi na vijidudu vingine karibu na uso wa maji. Ilidhaniwa kwamba miezi mingine huhama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa kwa kuwafunga baadhi yao vifaa vya kutoa sauti, ulionyesha kwamba wengi hawaendi popote: husogea tu mbali na ufukwe na kukaa chini zaidi, wasipoonekana na watu wa botini. Uduvi unaomleta potwe ndio unaotia ukungu majini, hivyo anayetaka potwe asidai maji kama kioo. Nyangumi nao hupita Julai hadi Oktoba, katikati ya kusi, na watoto wa kasa katika Kisiwa cha Juani huanguliwa zaidi kati ya Juni na Septemba.

Joto la maji lenyewe halipaswi kumzuia mtu. Agosti na Septemba hushuka hadi nyuzi 25 hivi za Selsiasi, na Machi hupanda hadi 29 au 30. Nyuzi 25 zinasikika kuwa za joto, lakini baada ya saa moja chini ya maji mwili hutetemeka, hivyo suti nene kidogo ya milimita 5 ni bora kwa Agosti, ilhali Machi ile nyepesi ya milimita 3 hutosha. Joto la Machi na Aprili lina upande wake wa huzuni. Bahari inapozidi joto lake la kawaida kwa majuma kadhaa, matumbawe huwatoa vijimea wanaoishi ndani yake na kuwalisha, nayo hubaki meupe kama mifupa. Ilitokea mwaka 1998, wakati wa El Nino, na sehemu kubwa ya matumbawe ya Mafia ilikufa. Ikatokea tena mwaka 2016 na mwaka 2024. Katika mwaka wa namna hiyo, ni vema kukiuliza kituo hali ya miamba kabla ya kulipa, na kituo chenye uaminifu hakitaficha.

Kwa asiyetaka mtungi, kwa mfano familia yenye watoto wadogo, Chumbe iliyo kusini ya Mji Mkongwe inatosha. Mwamba wake umehifadhiwa tangu mwaka 1994, wageni huruhusiwa kuogelea kwa miwani na mrija tu, na uko upande uliokingwa dhidi ya sehemu kubwa ya kusi.

Limebaki suala la kufika, ambalo mara nyingi huwa na hatari kuliko kuzama kwenyewe. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na kuua zaidi ya watu 200. MV Skagit ilizama Julai 18, 2012, karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Ya kwanza ilikuwa imepakia kupita kiasi, na si haki kuubebesha upepo peke yake lawama hiyo. Ya pili ilikuwa katika bahari iliyochafuka. TMA hutoa utabiri wa bahari kila siku, na katika miezi ya kusi angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya meta 2 si jambo geni. Angalizo la namna hiyo likitoka, msafiri wa kwenda Pemba au anayevuka Nyamisati kwenda Kilindoni aahirishe, hata kama amekwisha kulipia chumba. Mwenye kupanga safari ya Juni au Julai aongeze siku moja ya akiba kila upande.

Anayerudi kwa ndege naye anapaswa kuihesabu siku ya mwisho. Mwili wa mpiga mbizi huwa umenyonya gesi ya naitrojeni, na ukipelekwa angani mapema gesi hiyo huweza kutoa mapovu katika damu. Mwongozo wa taasisi ya Divers Alert Network ni kusubiri saa 12 baada ya kuzama mara moja, na saa 18 kwa aliyezama mara kadhaa au kwa siku mfululizo. Vituo vingi husema saa 24 ili kuwa na uhakika. Ndege ndogo za Mafia na Zanzibar haziruki juu sana, lakini hilo halitoshi kuwa kibali. Anayerudi kwa boti hana kizuizi hicho.